Goti limejaa maji: namna ya kuyasoma kwa MRI, hatua kwa hatua

Mgonjwa anaingia na CD ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na karatasi ya majibu yenye mistari kumi ya Kiingereza. Anayempokea anasoma mstari mmoja tu: kuna maji gotini. Hilo mgonjwa alilijua tangu nyumbani, siku suruali ilipogoma kupita. Alitumwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ili ijulikane maji hayo yametoka wapi na kwa nini yamekuja.

Nimekaa miaka mingi nyuma ya kioo cha chumba cha MRI. Mwongozo huu ni kwa tabibu au daktari kijana anayetuma mgonjwa, kwa mwanafunzi wa radiolojia anayeanza kushika mashine, na kwa mgonjwa mdadisi asiyetaka kubeba CD kama mzigo wa mtu mwingine. Nitatumia goti kuwa mfano, kwa kuwa ndilo ninaloletewa zaidi na ndilo lenye nafasi kubwa ya maji kujificha. Viungo vingine nitavigusa mwishoni.

Kabla ya kujaza fomu

Goti likiwa la moto, limevimba ndani ya siku chache, mgonjwa ana homa na hataki hata shuka liguse mguu, usimtume MRI. Avutwe maji kwa sindano leo hii. Usaha ukikaa ndani ya kiungo huanza kula gegedu (tishu laini inayokinga ncha za mifupa) ndani ya siku chache, na MRI haina uwezo wa kukuhakikishia kwamba haya ni usaha na yale ni maji ya baridi yabisi. Yote mawili hutoka meupe kwenye picha, na yote mawili huambatana na utando wa kiungo uliovimba. Na kwenye ngozi nyeusi usihangaike kutafuta wekundu: weka mgongo wa kiganja juu ya goti hilo, kisha juu ya lile lingine, ulinganishe joto.

Nasema hivi kwa sababu ya mzee mmoja aliyeletwa kwetu na wanawe kutoka mbali. Kule walikotoka waliambiwa wasiguse chochote mpaka MRI ipatikane. Walichanga pesa wiki tatu. Tulipompiga picha, goti lilikuwa limejaa, na mifupa ya pande zote mbili imebadilika rangi. Sindano aliyochomwa jioni ile ilitoa usaha mzito, na ingeweza kuutoa siku ya kwanza kwenye zahanati yoyote yenye mtu anayejua kuchoma na maabara ya kupokea kichupa.

Kama goti limeumia kwa ajali ya bodaboda au kuanguka, anza na eksirei. Mfupa uliovunjika huonekana huko kwa gharama ndogo. Kama swali lako ni “je, kuna maji au hakuna?”, ultrasaundi inatosha kabisa, hasa kwenye nyonga ya mtoto, na inaweza kuongoza sindano papo hapo. MRI iitwe pale swali linapokuwa “kwa nini?”: kano imekatika? Gegedu limepasuka? Utando wa kiungo umenenepa? Mfupa wa jirani unaumwa?

Hatua ya 1: Fomu iseme kitu

Fomu mbaya kuliko zote, na ndiyo ninayoipata mara nyingi, imeandikwa: “MRI goti. Maumivu.” Kwa maneno hayo mtaalamu wa radiolojia hana pa kuanzia.

Fomu nzuri ni kama hii: “Mwanaume, miaka 24. Siku 10 zilizopita aligeuza goti la kulia akicheza mpira, alisikia mlio, goti lilivimba ndani ya saa mbili. Sasa linalegea akishuka ngazi. Kano ya ACL ni nzima?” (ACL ni kano ya mbele kati ya zile mbili zinazopishana ndani ya goti.) Mistari mitatu tu, lakini saa mbili zile zina uzito mkubwa. Goti linalojaa ndani ya saa chache baada ya kuumia mara nyingi limejaa damu, na damu hutoka kwenye kano iliyokatika au mfupa uliopasuka. Goti linalovimba kesho yake asubuhi huwa limejaa ute uliotolewa na utando uliochokozwa, kwa mfano na menisko iliyochanika. (Menisko ni zile pedi mbili za gegedu zilizokaa kati ya mfupa wa paja na muundi.) Na goti linalovimba taratibu kwa miezi, bila kuumia, ni hadithi nyingine kabisa.

Andika pia kama goti limeshavutwa maji, na lini. Sindano huacha vipovu vya hewa ndani, navyo huonekana kama madoa meusi yanayoelea upande wa mbele. Nimeona madoa hayo yakiitwa vipande vya gegedu. Taja selimundu, hemofilia (damu isiyoganda vizuri), kifua kikuu cha zamani au cha sasa, jongo, na dawa za kuyeyusha damu kama anatumia. Kila moja hubadilisha namna picha itakavyosomwa.

Hatua ya 2: Mlangoni

Wagonjwa wengi huogopa mionzi. MRI haina mionzi ya eksirei. Hatari yake ni sumaku. Mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) ina nguvu maelfu kwa maelfu ya mara kuliko uga wa sumaku wa dunia, na haizimwi usiku. Hata umeme ukikatika, sumaku iliyopozwa kwa heli ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi takribani 269 chini ya sifuri, inaendelea kuvuta. Ndugu anayeingia mbio gizani kumtoa mgonjwa huku ameshika kiti cha magurudumu cha chuma anaweza kusababisha msiba.

Kwa hiyo uliza, na uulize tena: kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo? Klipu kwenye mshipa wa ubongo? Kifaa cha kusikia kilichopandikizwa? Kwa mafundi wa kuchomelea na kusaga vyuma, uliza kama kuna siku cheche iliingia jichoni. Kama jibu lina mashaka, eksirei ya macho itangulie. Halafu vile vitu ambavyo watu hawavihesabu kuwa chuma: hirizi yenye kipande cha bati, shanga zenye kifungo cha chuma, vibanio ndani ya wigi, sidiria yenye waya. Waulize kwa faragha na kwa heshima. Mama wa makamo hatasema ana shanga mbele ya mkwe wake.

Vyuma vya mifupa, kama sahani na misumari ya ndani, kwa kawaida havizuii kipimo, ila hupotosha picha iliyo karibu navyo. Mgonjwa aje na karatasi ya upasuaji. Vyuma vya nje vilivyotoboa ngozi ni suala tofauti. Usimwingize mpaka umejua aina yake.

Hatua ya 3: Kumlaza

Aende msalani kwanza. Alale chali, miguu itangulie ndani, goti likunjwe kidogo tu, sponji ziwekwe pembeni lisicheze. Koili ya goti ni ile kofia ngumu inayolifunika. Goti lililojaa sana huweza kukataa kuingia. Usilazimishe. Tumia koili laini ya kuzungushia, ukubali picha yenye ubora pungufu kidogo, kuliko mgonjwa anayetetemeka kwa maumivu dakika 25.

Mpe vizibo vya masikio na kengele ya mkononi. Mweleze kwamba mashine itagonga kama fundi bati, na kwamba kelele zikikoma katikati haina maana kipimo kimekwisha. Wengi huharibu picha hapo: wanasikia kimya, wananyanyua mguu kujinyoosha.

Akitoka kwenye ajali, mwache alale dakika kadhaa kabla ya picha za kwanza. Damu na mafuta ndani ya goti vinahitaji muda wa kutengana, na mpangilio huo tutauhitaji baadaye.

Hatua ya 4: Kuchagua picha, na kuelewa rangi zake

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa sababu asiyeelewa rangi atabahatisha yote yanayofuata.

MRI hupokea ishara kutoka kwenye haidrojeni, na haidrojeni ya mwilini iko zaidi kwenye maji na mafuta. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyogombania weupe kwenye skrini. Kwenye picha ya T1 (T1, T2 na PD ni majina ya namna tofauti za kupiga picha), mafuta ni meupe na maji ya kiungo ni meusi. Kwenye T2, maji ni meupe sana, lakini kwa mbinu za haraka tunazotumia leo mafuta nayo hubaki na weupe wake. Ukitazama T2 peke yake, maji kidogo yaliyo kando ya mafuta hupotea machoni, kama maziwa juu ya kitambaa cheupe.

Dawa yake ni kuzima mafuta, yaani kuiondoa ishara yake kwenye picha. Picha ya goti inayofanya kazi kubwa kuliko zote ni PD iliyozimwa mafuta: maji yanang'aa, gegedu lina kijivu chake, kano ni nyeusi, na uboho wa mfupa ambao kwa kawaida umejaa mafuta unakuwa mweusi. Kitu chochote chenye majimaji mahali pasipostahili kinajitangaza chenyewe.

Kwa goti, seti ninayoiamini ni PD iliyozimwa mafuta kwa mikato mitatu (wa ubavuni, wa mbele na wa mkingamo), yenye unene wa milimita 3 hadi 4, pamoja na T1 moja. Usiiache T1 kwa kuharakisha foleni. Ndiyo itakayokuambia kama mfupa umeumia juujuu au umeingiliwa na ugonjwa, na ndiyo itakayothibitisha kwamba kitu cheupe ni mafuta. Mgonjwa akiwa na historia ya kutokwa damu ndani ya goti mara kwa mara, ongeza gradienti eko, ambayo huona chuma kilichoachwa na damu ya zamani.

Kwenye mashine ndogo za sumaku ya wazi, zile za Tesla 0.2 hadi 0.4, kuzima mafuta kwa njia ya kawaida hakufanyi kazi, kwa kuwa sauti ya maji na sauti ya mafuta, yaani masafa ya ishara zao, ziko karibu mno kutenganishwa. Tumia STIR, njia nyingine ya kuzima mafuta. STIR hiyohiyo ndiyo mkombozi pale penye chuma ndani ya mfupa. Ila usiitumie baada ya kuchoma gadolini, dawa ya mshipani ya kung'arisha picha: inaweza kuzima na kile ulichotaka kionekane.

Na sasa mtego mkubwa kuliko yote. Kuzima mafuta hushindwa pembezoni mwa koili na karibu na chuma, na mafuta yasiyozimika hung'aa sawa na maji. Kabla ya kuita kitu maji, tazama mafuta ya chini ya ngozi yaliyo jirani nacho. Kama nayo yamekuwa meupe upande huo, weupe unaouona ni wa uongo. Nenda T1 ukahakikishe. Nimeona watu wakiambiwa mfupa una uvimbe kumbe ni kona ya koili.

Hatua ya 5: Kuyatafuta maji yalipo

Fungua mkato wa ubavuni kwanza, nenda katikati ya goti. Juu ya pia ya goti, nyuma ya kano ya msuli wa paja, kuna mfuko unaopanda juu. Huo ndio tangi kuu. Kisha nenda mkato wa mkingamo uangalie pembe mbili za pembeni mwa mfupa wa paja. Mgonjwa akilala chali, maji kidogo hupenda kushukia huko kabla hayajajaza mfuko wa juu. Halafu nyuma, karibu na kano za katikati.

Goti zima lina ute wa mililita chache, chini ya kijiko cha chai. Mstari mwembamba mweupe si ugonjwa, na mchezaji aliyetoka mazoezini anaweza kuwa na zaidi kidogo. Watafiti wa uchakavu wa goti hutumia kipimo kiitwacho MOAKS, nacho ni rahisi kukariri. Sifuri ni ute wa kawaida. Daraja la 1, maji yameungana nyuma ya pia ya goti. Daraja la 2, mfuko wa juu umeanza kutokeza tumbo kidogo. Daraja la 3, kifuko chote cha kiungo kimetanuka. Kwa kazi za kila siku sema tu kidogo, kiasi, au mengi. Kupima mililita kwa rula kwenye skrini ni kupoteza muda wa mgonjwa anayefuata.

Jihadhari na maji yasiyo ya ndani ya kiungo. Weupe ulio mbele ya pia ya goti, chini tu ya ngozi, ni mfuko mwingine kabisa, unaovimba kwa watu wanaofanya kazi wamepiga magoti, kama mafundi wa vigae. Goti lenyewe linaweza kuwa zima. Uvimbe ulio nyuma ya goti, upande wa ndani, wenye shingo inayopenya kati ya kano mbili, ni uvimbe wa Baker: hayo ni maji ya gotini yaliyotafuta njia ya kutokea. Ukipasuka, maji hushuka kwenye kigimbi na mguu kuuma na kuvimba, watu wakadhani ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukiuona, rudi mbele ukatafute kilichosababisha maji, maana kuutoa peke yake ni kufuta sakafu bomba likiwa wazi. Na kijifuko kidogo kilichobandika kwenye ukingo wa menisko ni ishara ya kuitazama menisko hiyo upya, hata kama mwanzo uliiona nzima.

Hatua ya 6: Maji yanafananaje?

Maji meupe, safi, yasiyo na kitu ndani, hayasemi mengi. Yanaweza kuwa ya uchakavu, ya menisko, ya baridi yabisi, hata ya maambukizi. Maji yenye sura yake ndiyo yenye habari.

Tafuta mistari iliyolala sawa kama maji ndani ya glasi. Mgonjwa yuko chali, kwa hiyo vitu vyepesi viko mbele na vizito viko nyuma. Tabaka mbili, ya mbele nyeupe na ya nyuma kijivu, ni damu iliyotulia: majimaji yake juu, chembe zake chini. Tabaka tatu ni jambo zito zaidi. Ya mbele kabisa ikiwa nyeupe kwenye T1 na nyeusi pale mafuta yalipozimwa, hayo ni mafuta ya uboho, na uboho hauwezi kuingia ndani ya kiungo isipokuwa mfupa umepasuka. Hata kama eksirei ilisema hakuna mvunjiko, upo. Angalia sehemu ya juu ya muundi kwa makini.

Punje ndogo nyingi zinazoelea ndani ya maji meupe, zenye ukubwa wa mchele, hufikirisha mambo mawili: baridi yabisi ya muda mrefu, na kifua kikuu cha kiungo. Kwetu Afrika Mashariki la pili lisiachwe hata kama kifua ni safi na mgonjwa hakohoi.

Vibonge vyeusi kwenye kila picha, vinavyozidi kukua na kutisha kwenye gradienti eko, ni chuma cha damu ya zamani. Kwa kijana mwenye hemofilia unajua kwa nini. Kwa asiye nayo, mwenye goti moja tu linalovimba miaka na miaka, fikiria uvimbe wa utando wa kiungo wenye seli kubwa, na umtume kwa bingwa wa mifupa. Na ukiona mfano wa majani ya mwani yanayopepea kwenye mfuko wa juu, yenye weupe wa mafuta kwenye T1 na yanayozimika mafuta yanapozimwa, hayo ni mafuta yaliyoota kwenye utando. Si saratani, mtulize mgonjwa kabla hajafika mtandaoni.

Hatua ya 7: Kuhoji majirani

Maji hayaji yenyewe. Ukishayaona, yaache, uangalie yaliyo kando yake.

Kwa goti lililoumia, soma michubuko ya mfupa, yaani weupe wa mawingu ndani ya uboho kwenye picha iliyozimwa mafuta. Mchubuko katikati ya mfupa wa paja upande wa nje, pamoja na mwingine nyuma ya muundi upande huohuo wa nje, ni alama ya mifupa miwili iliyogongana wakati ACL ikikatika. Ukiiona michubuko hiyo miwili, itafute ACL kwa macho mawili. Mchubuko upande wa ndani wa pia ya goti na mwingine upande wa nje wa mfupa wa paja unasema pia ya goti ilitoka ikarudi, mara nyingi bila mgonjwa mwenyewe kujua.

Kwa goti lisiloumia, tazama utando. Tatizo ni kwamba utando uliovimba na maji yenyewe vyote ni vyeupe kwenye PD. Hapo ndipo gadolini inapofaa: utando wenye uvimbe huinywa na kung'aa kwenye T1 iliyozimwa mafuta, maji yakabaki meusi. Dozi ya kawaida ni milimoli 0.1 kwa kila kilo. Kwa dawa nyingi ni mililita 0.2 kwa kilo, lakini soma kichupa, zipo zenye nguvu maradufu. Piga picha ndani ya dakika 5 hivi. Ukichelewa, dawa huvuja kutoka kwenye utando kuingia kwenye maji, na mpaka uliokuwa ukiutafuta unafutika. Nimewahi kumwona mwanafunzi akimchoma mgonjwa, kisha akaenda kupokea simu. Tuliishia na goti zima jeupe, na kipimo kikawa kimepotea bure. Mwenye figo zilizochoka sana na mama mjamzito tunawaepusha na dawa hii isipokuwa daktari bingwa aseme vinginevyo.

Mwisho, mfupa. Pande zote mbili za kiungo zikiwa na mawingu meupe, na T1 nayo imegeuka nyeusi mahali hapohapo, maambukizi yaliyoingia mfupani yapande juu ya orodha yako. Kifua kikuu huwa na mwendo wa polepole: hutafuna kingo za mifupa huku gegedu la katikati likidumu kwa muda, na kinaweza kuacha jipu lenye ukuta mwembamba ambalo likiguswa si la moto. Kwa mwenye selimundu kuwa mwangalifu zaidi ya kawaida. Mfupa wake unaweza kukosa damu ukafa kipande, na kiungo cha jirani kikajaa maji bila mdudu yeyote. Mfupa huohuo pia hushambuliwa na bakteria kwa urahisi, salmonela wakiwemo. Picha za hali hizo mbili hufanana mno. Homa, vipimo vya damu na sindano ndivyo vitakavyoamua.

Hatua ya 8: Kusoma majibu

Ripoti nyingi zitaandika efyusheni. Maana yake ni maji yaliyozidi ndani ya kiungo. Ni dalili, kama kikohozi kilivyo dalili. Kama ripoti imeishia hapo, mpigie aliyeiandika. Muulize mambo matatu: utando umenenepa? Mfupa una mawingu? Kuna tabaka au vitu ndani ya maji? Wataalamu wa radiolojia hupokea simu hizo vizuri kuliko watu wanavyodhani, mradi uwe na jina la mgonjwa na historia yake mkononi.

Mgonjwa wa zaidi ya miaka 50 usimtishe na kila mstari. Menisko iliyochanika na maji kidogo ni vitu vinavyoonekana hata kwa watu wasiolalamika goti. Linganisha picha na mahali anapoonyesha kwa kidole.

Hatua ya 9: Sindano

Kama chanzo bado hakijulikani, maji yavutwe. MRI imeshakuonyesha mfuko ulio mkubwa zaidi na kama maji yamegawanyika vyumba vyumba, kwa hiyo anayechoma hatabahatisha.

Yatazame kabla hayajaenda maabara. Weka bomba la sindano mbele ya gazeti. Maji ya njano yanayokuruhusu kusoma herufi ni ya uchakavu au jeraha dogo. Yakiwa na ukungu, herufi zikapotea, kuna mwako: baridi yabisi, jongo au maambukizi. Usaha utaujua. Damu ikitoka, imwage kwenye bakuli dogo na usubiri. Matone ya mafuta yakielea juu kama kwenye mchuzi wa kuku, mfupa umepasuka, na ile tabaka ya tatu kwenye picha imethibitika.

Gawa kwenye vichupa. Kimoja cha kuhesabu chembe nyeupe. Zikizidi 50,000 kwa mikrolita, mtibu kama mwenye maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo, ingawa idadi ndogo haimwachii huru. Kimoja cha kuotesha vijidudu, kabla ya dozi ya kwanza ya antibaiotiki kama hali inaruhusu. Kimoja cha fuwele za jongo chini ya darubini. Na kama ugonjwa umekwenda miezi, omba GeneXpert (kipimo cha kifua kikuu) ya maji hayo, kwa kuwa mashine iliyozoea makohozi hupima maji ya kiungo pia.

Viungo vingine, kwa haraka

Bega: maji ndani ya kiungo pamoja na maji kwenye mfuko ulio juu yake yakutie shaka kwamba kano za kuzungusha bega zimetoboka. Maji kidogo kwenye ala ya kano ya msuli wa mbele wa mkono ni yaleyale ya begani yaliyoshuka. Njia ipo wazi kwa kila mtu.

Kifundo cha mguu: ala ya kano ya kukunja dole gumba huwasiliana na kiungo kwa baadhi ya watu wazima kabisa. Kifundo kikiwa na maji, maji ya kwenye ala hiyo usiyape jina la ugonjwa.

Nyonga: maji hukusanyika kuzunguka shingo ya mfupa wa paja. Mtoto anayechechemea na mwenye homa hasubiri foleni ya MRI. Ultrasaundi na sindano vinamtangulia.

Baada ya hapo

CD ikae na mgonjwa, iandikwe tarehe na goti lipi, kulia au kushoto, kwa kalamu isiyofutika. Ihifadhiwe mbali na jua; kwenye dashibodi ya daladala hupinda. Goti likivimba tena baada ya mwaka, picha ya zamani ndiyo itakayotuambia kama utando umezidi kunenepa au mfupa umetulia, na mara nyingi inatuepusha kurudia kipimo kizima kwa dawa. Na kama mgonjwa aliyevutwa maji anaambiwa arudie MRI ili kuona kama maji yamekwisha, muulize kwanza kama suruali inapita.